Msafiri wa Saa Moja

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetudhalilishia ardhi tukaweza kwenda pande zake zote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darasa yetu limeletwa suali na ndugu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa ni miaka kumi na moja anakaa Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi, yeye na mkewe na wanawe. Ndugu huyu alipata habari kuwa mamake hajambo kidogo tu, wala si sana. Akapanda ndege asubuhi ile ile, akafika Mombasa kabla ya adhuhuri, akamkuta mama ameketi kitandani, Alhamdulillahi, amepata nafuu. Ulipoingia wakati akatandika msala mle mle chumbani, akasali Adhuhuri rakaa mbili, akatoa salamu. Mamake alikuwa akimtazama. Akamwuliza, "Mwanangu, mbona mbili? Kwani hapa si kwenu?"

Mjomba wake alikuwapo, naye akaongeza yake: kuwa ruhusa ile ni ya watu wa ngamia na majahazi, waliokauka makoo njiani, wala si ya mtu aliyekunywa chai nyumbani kwake Nairobi akaja kula mchana Mombasa. "Safari gani hiyo ya saa moja?" Ndugu yetu akanyamaza kwa adabu. Siku ya tatu akarudi, na huko akazidishiwa shaka. Kwani kutoka Mombasa hata uwanja wa Embakasi ndege ilikwenda chini ya saa moja, lakini kutoka Embakasi hata mlangoni kwake Kawangware alichukua saa mbili garini, kwa msongamano wa magari. Basi atuuliza: Ipi katika hizo mbili ilikuwa safari? Na je, alimkosea mamake?

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye kuafikiwa: suali hili si la mtu mmoja. Watu wetu wa pwani walioko Nairobi ni wengi, wapo Kawangware, wapo Kibera pamoja na ndugu zetu Wanubi waliokwisha kukaa huko zaidi ya miaka mia, wapo Eastleigh na South C, na kila mmoja wao hupita njia hii mara kwa mara. Ajabu ni kuwa wengi huijua bei ya tiketi kuliko waijuavyo hukumu ya sala yao njiani.

Kwanza na tuutazame mwendo wenyewe. Kwa barabara, baina ya Mombasa na Nairobi ni kilomita 480 na kitu. Kwa ndege, iendayo moja kwa moja, ni kama 440. Masafa haya hayakuzidi wala hayakupungua tangu Mwenyezi Mungu alipoiumba ardhi. Kilichobadilika ni muda. Wazee wa misafara walikwenda kwa miguu kwa majuma, wakilikata jangwa la Taru kwa kiu na hofu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi 1899, na treni ile ya zamani ililala njiani usiku mzima, mtu akaondoka jioni akaamka bara; ikaendelea hivyo hata mwaka 1997 na baadaye, mpaka 2017 ilipokuja treni mpya, itokayo Miritini ikafika Syokimau kwa saa tano au sita. Basi la barabarani huchukua saa nane hata kumi. Ndege ni chini ya saa moja hewani.

Sasa, lau sharia ingaliifunga ruhusa ya msafiri katika muda, hukumu hii ingalibadilika kila kilipozuka chombo kipya, na watu wawili waliotoka mji mmoja wakenda mji mmoja siku moja, mmoja kwa basi na mmoja kwa ndege, wangalikuwa na dini mbili. Na lau ingaliifunga katika taabu, basi hamali wa Kilindini abebaye magunia juani kutwa nzima angalikuwa na haki ya kufupisha sala kuliko tajiri aliyelala katika kitanda cha treni. Wala hakuna mwanachuoni aliyemwambia hamali asali Adhuhuri rakaa mbili. Taabu ni hekima ya hukumu hii, lakini kifungo chake ni safari yenyewe.

Na jambo hili liliulizwa zamani kuliko mjomba wa ndugu yetu. Katika Sura ya Nisaa aya ya 101 ruhusa ya kufupisha sala imetajwa pamoja na hofu ya maadui. Ya'la bin Umayya akamwuliza Sayyidna Umar: watu wamekwisha kuwa katika amani, mbona bado twafupisha? Umar akamjibu kuwa yeye naye alistaajabu vivyo hivyo, akamwuliza Mtume (s.a.w.), na Mtume akamwambia kuwa hiyo ni sadaka aliyowapa Mwenyezi Mungu, basi waipokee. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Hofu iliondoka, na sadaka ikabaki. Vivyo hivyo kiu ya Taru imeondoka, na sadaka ipo. Mwenye kupewa sadaka na Mola wake haambiwi airudishe kwa kuwa amepata kiti kizuri.

Ama mpaka wa masafa, sahaba wawili wakubwa, Ibn Umar na Ibn Abbas, walikuwa wakifupisha na kufungua katika mwendo wa burdi nne, nazo ni farsakh kumi na sita. Huo ndio mpaka wa madhehebu yetu ya Shafi, unaoitwa marhala mbili, na wanavyuoni wa zama hizi wameukadiria baina ya kilomita 80 na 90. Basi mtu wa Mombasa aendaye Kilifi hafupishi. Aendaye Malindi hufupisha. Na mkaazi wa Kawangware aendaye Thika hafupishi, hata akishinda njiani. Aendaye Nakuru hufupisha. Wako wanavyuoni, na Ibn Taymiyya ni mmoja wao, waliosema kuwa hapana mpaka wa maili, bali kila ambacho watu katika desturi yao hukiita safari ni safari. Hata kwa kauli hiyo, nani pwani aliyepata kusikia kuwa fulani amekwenda Nairobi asiseme kuwa amesafiri?

Lakini jawabu lililo wazi kabisa limo katika kitabu ambacho vijana wetu hukisoma misikitini, na wengi hupita juu yake bila ya kusita. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ambao ni 1277 wa miladi, ameeleza katika Minhaj kuwa bahari katika jambo hili ni kama bara, na kuwa mtu akizikata maili hizo baharini kwa muda wa saa, atafupisha. Na saa katika maneno yao ni kipindi kidogo tu cha wakati. Tazameni! Zaidi ya miaka mia saba iliyopita, katika zama za tanga na kasia, mwanachuoni wa Sham aliyewaza chombo kikichukuliwa na upepo mkali alikwisha kumjibu abiria wa ndege. Na sisi watu wa pwani tulikuwa na haki ya kulifahamu neno hili kabla ya wengine, kwani babu zetu ndio walioondoka na kusi wakajikuta wamefika kabla hawajamaliza kupanga mizigo. Mjomba amesema ruhusa ni ya watu wa majahazi. Amesema kweli, na lau angalikumbuka jahazi linavyokwenda siku ya upepo mwema, asingaliuliza.

Basi saa moja ya angani ilikuwa ni safari. Na saa mbili za kutoka Embakasi hata Kawangware hazikuwa safari, kwani Nairobi ndio mji wake, na mtu akiingia katika majengo ya mji wake safari yake imekwisha, hata akikesha garini. Tangu mwaka 2022 iko barabara ya juu ya kulipiwa, itokayo Mlolongo ikapita karibu na Embakasi hata Westlands, kilomita 27, nayo humfikisha mtu haraka karibu na njia ya James Gichuru. Na kutoka hapo Kawangware si mbali. Lakini ashikaye njia ya chini jioni ya mvua hujua afikapo, hajui atakapofika. Ni dhiki kweli, na hatuidharau. Mwenye kutoka kazini mjini saa kumi na moja na nusu akapanda matatu kwenda Kawangware, Magharibi humwingilia kati ya njia, na pengine hutoka hali bado amekaa. Tumesikia kuwa wako ndugu ambao kwa ajili hiyo wamejifanyia desturi ya kuikusanya Magharibi na Isha kila siku ya kazi, wakisema kuwa wao ni wasafiri. Hao si wasafiri. Ipo hadithi ya Ibn Abbas, kuwa Mtume (s.a.w.) alipata kukusanya sala naye yuko Madina, pasipo hofu wala mvua, ili asiutie umati wake katika dhiki, na wako wanavyuoni walioiruhusu kwa haja itokeayo mara moja moja, kwa sharti isifanywe mazoea. Huyu wa kila siku ameifanya mazoea. Naye ana njia nyingine: asubiri adhana msikitini mjini, asali, kisha apande gari, atafika kwake amechelewa nusu saa, na sala yake iko salama.

Twarejea mwanzo wa safari, kwani hapo pia watu hukosea. Ruhusa haianzi mtu anapofunga mkoba, wala anapopanda gari, bali anapoyapita majengo ya mji wake. Mtu wa Kibokoni aendaye kupanda ndege, akivuka Makupa akafika Changamwe mpaka uwanjani, bado majengo hayajamwacha. Na maji ya Makupa hayaugawi mji, kama ambavyo wanavyuoni wamesema juu ya mto upitao katikati ya mji. Kwa hiyo sisi twaona kuwa akisali uwanjani asali sala kamili, na asikusanye kwa sababu ya safari, mpaka ndege iruke. Vile vile mtu wa Kawangware aliye Embakasi, au aliye Syokimau akingoja treni. Hapo Syokimau wengine husema kuwa ni kaunti nyingine, lakini mipaka ya serikali si kitu katika mas-ala haya, nyumba zimeungana.

Ama waendao kwa basi la usiku, twawanasihi zaidi, kwa kuwa huko ndiko sala inakopotea. Mwenye kuondoka Mombasa saa nne usiku amekwisha kusali Isha mjini. Iliyo mbele yake ni Alfajiri, nayo haifupishwi wala haikusanywi na sala yoyote. Inaingia karibu na saa kumi na moja, basi likiwa linakaribia Athi River au liko katika magari ya Mlolongo, abiria wamefunika nyuso kwa leso. Na wanaposhuka mjini jua limekwisha kuchomoza. Tumewauliza wengi: "Alfajiri uliisali wapi?" Jawabu ni kicheko, au ni kumlaumu dereva. Wala dereva hana lawama kama hakuombwa. Abiria watano wakimwendea kabla basi halijaondoka, wakamwambia kwa upole kuwa wataomba dakika kumi alfajiri penye kituo cha mafuta, aghalabu hukubali, na Waislamu katika mabasi ya Mombasa si wachache. Akikataa kabisa, na wakati wachelea kutoka, basi asali kitini kwa kadiri awezavyo, kwa kuuheshimu wakati, kisha airudie atakaposhuka. Na ajue kuwa kibla cha Mombasa ni kaskazini hasa, na cha Nairobi kimeelemea mashariki kidogo tu; hivyo aendaye Nairobi kibla chake ki kuliani kwa mbele, na arudiye pwani ki kushotoni kwa nyuma. Basi la mchana halina udhuru hata kidogo: husimama Mtito Andei, nusu ya njia, watu wakashuka kula. Adhuhuri mbili na Alasiri mbili pamoja hazichukui muda wa kukipoza kikombe cha chai.

Katika Ramadhani iko mas-ala nyingine ya ndege, nayo ni nzuri. Jua huchwa Mombasa kabla ya kuchwa Nairobi kwa kadiri ya dakika kumi na moja, kwa kuwa Nairobi iko magharibi yake karibu na daraja tatu za longitudo, na kila daraja ni dakika nne. Mfungaji aliyeruka Mombasa dakika chache kabla ya magharibi huenda akilifuata jua, tena yuko juu, akaliona bado linang'aa dirishani hali saa ya mkononi inamwambia kuwa jamaa zake Mombasa wamekwisha kula tende. Huyu hafungui kwa saa ya Mombasa. Atangoja jua lake yeye lichwe. Ama aliyekwisha kufungua chini ardhini, jua limechwa, kisha akaruka akaliona tena, wanavyuoni wengi wa zama hizi wamesema kuwa saumu yake imetimia. Na anayetaka kutumia ruhusa ya kutofunga kwa ajili ya safari, katika madhehebu yetu sharti awe ameondoka mjini kwake kabla ya alfajiri. Mwenye ndege ya saa tatu asubuhi ameamka mkaazi, na afunge.

Sasa twaja kwa suali la mama, nalo ndilo zito.

Wako katika ndugu zetu wa Nairobi wanaojiita wasafiri mwaka baada ya mwaka. Tulimjua mmoja, hakuwa akihudhuria Jumaa, na sala zake za rakaa nne zote zilikuwa mbili mbili, na hoja yake ni kuwa "Kwetu ni pwani, huku nimekuja kutafuta tu." Alikuwa amepanga nyumba Kawangware, watoto wake wasoma hapo, na kadi yake ya kupigia kura ni ya hapo. Msafiri wa namna gani huyo? Katika madhehebu yetu, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, ghairi ya siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa yake imekatika tangu anapofika. Majirani zetu wa madhehebu ya Hanafi, nao ni wengi katika misikiti ya Nairobi, wao husema siku kumi na tano. Hakuna aliyesema miaka kumi na moja. Jumaa imemlazimu, na sala alizozifupisha inampasa azilipe. Twasema hili kwa huruma, kwani twajua linakotoka: mtu huona kuwa akikubali kuwa Kawangware ni kwake, ameikana Mombasa.

Lakini kinyume chake ndicho kilichomfika ndugu yetu. Ikiwa Kawangware ndiko kwake, basi Mombasa ni wapi? Hapa ni lazima kupambanua. Yuko mtu ambaye mkewe na wanawe wako Mombasa, nyumba yake iko Mombasa, naye Kawangware ana chumba cha kazi tu. Huyo akirudi Mombasa, hata kwa usiku mmoja, amefika kwake, na atasali rakaa nne tangu majengo ya mwanzo. Yuko mwingine, naye ndiye muulizaji wetu, aliyehama na watu wake, akabakisha Mombasa mama na ndugu na makaburi ya wazee. Huyo akija kwa siku mbili tatu ni msafiri. Kuwa na jamaa katika mji hakumfanyi mtu mkaazi wa mji huo. Muhajirina walipoingia Makka pamoja na Mtume (s.a.w.) walifupisha, na Makka ndiko walikozaliwa, na jamaa zao walikuwa huko. Na Sayyidna Umar katika ukhalifa wake alikuwa akija Makka, akiwasalisha watu rakaa mbili, kisha akiwaambia watu wa Makka wakamilishe sala yao, kwani wao ni wageni wasafiri. Umar, mtoto wa Makka, alisema hivyo katika mji alimokulia.

Basi rakaa zake mbili zilikuwa sahihi, na kwa masafa haya, yanayozidi marhala tatu, kufupisha ni bora kuliko kutimiza. Lau angalikwenda msikitini na mjomba wake akasali nyuma ya imamu wa mtaa, ingalimlazimu kutimiza nne pamoja naye. Na lau angalimwambia mamake asali nyuma yake mle chumbani, angalitoa salamu katika mbili, na mama akasimama, au akakaa kwa udhuru wake, akatimiza mbili zake. Pengine hilo lingalikuwa bora kuliko kusali peke yake hali anatazamwa.

Alituuliza kama alimkosea mamake. Katika sala hakumkosea. Lakini yeye mwenyewe, alipokuwa akitueleza, alisema bila ya kuulizwa kuwa kabla ya safari ile alikuwa hakwenda Mombasa kwa miaka miwili na nusu, na kuwa siku zote alikuwa akimwambia mama kwa simu kuwa Nairobi ni mbali. Sisi hatukumjibu neno juu ya hayo.

Juma lililopita alituletea mas-ala mafupi: mama ameuliza atakuja lini tena, na je, hapana njia ya yeye kusali rakaa nne nyumbani kwake? Tulimjibu kuwa njia ipo, tena ni nyepesi. Siku ya kufika haihesabiwi, na siku ya kuondoka haihesabiwi. Na akate tiketi ya kurudi ya siku ya sita.